Sindano Moja Zaidi

Karibu kila mtu aliyesomea chekechea ile alifutwa pua na mwanamke mmoja. Baadhi ya wazazi wanaoleta watoto leo walifutwa naye enzi zao, na ndio waliompa jina la Mwalimu Futa, jina lake halisi likabaki kwenye vyeti. Alikuwa mfupi, mikono mizito, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto akasikia. Penye pua inayovuja hakuweza kupita bila kuinama. Siku moja, kwenye foleni ya benki, alimfuta mtoto wa mtu asiyemjua kabisa. Mama mtu akageuka kwa hasira, akakutana na tabasamu la Mwalimu Futa, na kabla hajajua anasema nini, akawa ameshasema asante.

Darasa lake lilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa ghala la vitabu, madirisha juu, mikeka chini, na viti ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamfika kidevuni. Vikombe vilining'inia ukutani kwenye misumari, kila kimoja na picha ya mnyama, maana wenye vikombe walikuwa bado hawajui kusoma. Humo ndani alikuwa mtaalamu wa mambo yasiyoandikwa popote. Mtoto atakayelia asubuhi alimjua kwa namna anavyoukumbatia mkoba. Atakayejikojolea alimjua kwa ukimya wa ghafla. Na aliyegombezwa nyumbani alikuja kujikunja pembeni yake bila kusema neno, naye akaendelea kukata karatasi kwa mkono mmoja, wa pili umempakata.

Kisha ikaja saratani ya titi. Ilianza na uvimbe mdogo alioukuta akioga, akaupuuza, akauhesabu kuwa jipu, halafu akaacha kuupuuza. Akapasuliwa. Zikafuata dripu za kemo zilizomnyoa nywele, nyusi na hata kope, zikamwachia kucha nyeusi kama za fundi gereji. Ikafuata mionzi. Mwisho wa yote madaktari wakamwambia hawaoni tena ugonjwa, arudi tu kwa vipimo. Watu wakasema hongera. Naye akasema asante, akarudi nyumbani, akakaa.

Kukaa ndiko kulikomshinda. Mdogo wake, fundi wa kushona, alikuwa amehamia kwake tangu siku ya upasuaji, yeye na cherehani yake sebuleni, na upendo wake ulikuwa upendo wa kufuli. Viatu nje. Wageni waongee kutoka dirishani. Anayevuta pua aishie getini. "Hata jini likikohoa halipiti hapa," alisema, na hakuwa anatania. Alimpikia dada yake, alimwogesha mikono ilipokuwa haina nguvu, alimshikilia akitapika na kumfuta. Lakini mlango haukufunguliwa.

Na nyumba ile iliungana na shule kwa ukuta mmoja.

Kila asubuhi Mwalimu Futa alichukua kigoda akakaa jikoni, chini ya dirisha la nyuma. Kengele ya mapumziko ikilia, kelele ilipanda juu ya ukuta kama maziwa yanayofurika. Alizitambua baadhi ya sauti. Nyingine zilikuwa mpya na zilimuuma kwa upya wake. Mwalimu aliyeshika nafasi yake alikuwa binti mwema, lakini wimbo wa kuhesabu vidole aliuimba mbio. "Anawakimbiza," Mwalimu Futa alinung'unika peke yake, na midomo yake ikauimba polepole, kwa mwendo wake, akichelewa nyuma ya watoto ubeti mzima.

Ukimuuliza alichotamani, asingesema afya. Afya ni neno kubwa, la kwenye mabango. Yeye alitamani uzito: ule uzito wa mtoto anayesinzia mapajani baada ya kula, kichwa kinavyolegea na kuwa kizito ghafla, mdomo wazi, mate kwenye sketi. Mikono yake siku hizi ilinuka sabuni ya hospitali. Zamani ilinuka gundi, chaki na mikojo, na hakujua kama ipo siku angeitamani harufu hiyo kama watu wanavyotamani marashi.

Alipokwenda kwa vipimo, daktari wake, mwanamke kijana mwenye kuongea taratibu, alimaliza kusoma majibu akasema, "Mama, damu yako inarudi vizuri. Sasa majira ya mafua yanakaribia. Nataka uchanjwe."

"Nichomwe tena?"

"Sindano moja tu. Zile dawa zilipiga ugonjwa, lakini zilipiga na kinga yako, na kinga hairudi kwa siku moja. Homa ya mafua inayomlaza mwingine siku tatu inaweza kukupeleka wewe wodini na nimonia."

Mwalimu Futa akatazama mikono yake. "Daktari, darasani narudi lini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Watoto wadogo ndio kiwanda chenyewe cha mafua, mama. Uchanje kwanza, halafu tutazungumza."

"Nitafikiria."

Nje, mdogo wake alikuwa anasubiri kwenye benchi, mkoba mapajani kama mlinzi. "Kasemaje?"

"Kasema naendelea vizuri," akajibu Mwalimu Futa. Hiyo ilikuwa kweli. Iliyobaki aliimeza.

Siku ya dripu ya mwisho, nesi alipochomoa sindano, Mwalimu Futa alikuwa amemwambia, "Mwanangu, dawa nyingine mtanichoma nikiwa maiti." Nesi akacheka. Yeye hakucheka. Ilikuwa nadhiri. Mishipa ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imekakamaa kama kamba zilizokaa juani, na ule wa kulia aliambiwa usiguswe kabisa, kwa kuwa tezi za kwapani zilitolewa pamoja na titi. Lakini maumivu hayakuwa hoja, alishayazoea. Hoja ilikuwa kwamba kila sindano ilimwambia neno lile lile: wewe bado ni mgonjwa. Alikuwa amechoka kuambiwa. Alitaka siku moja aamke awe mtu tu, mwenye njaa na mwenye haraka ya kwenda kazini.

Siri yenyewe haikudumu. Mteja mmoja wa mdogo wake, mwanamke wa habari zote za mtaa, alikuja kuchukua gauni. Akiwa amesimama dirishani, huku anajipima kwa macho, akamwambia Mwalimu Futa aliyekaa sebuleni, "Nasikia kule kliniki wameanza kuchanja mafua. Wazee, wajawazito, na ninyi mliotoka kwenye saratani. Dada, usithubutu! Mume wa binamu yangu alichomwa hiyo, wiki nzima kitandani. Wanakupa ugonjwa wenyewe kwa sindano."

"Labda alikuwa na mafua yake tayari," akasema mdogo mtu.

"Lisemwalo lipo," mteja akajibu, akachukua gauni lake na kuondoka.

Cherehani ilinyamaza. "Dada. Daktari alikwambia habari hiyo?"

"Alisema."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nimechoka kuchomwa, mdogo wangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niache."

"Nikuache ufe kwa mafua, baada ya yote yale?"

"Kwani nitayapata wapi? Hapa hapiti hata jini."

"Basi nitakufungia humu mpaka majira yaishe!"

"Nifungie," akasema Mwalimu Futa kwa upole. "Kwani sasa hivi niko wapi?"

Mdogo wake akarudi kushona. Alishona pindo vibaya, akalifumua, akalishona tena.

Siku chache baadaye fundi alitoka kwenda kununua uzi. Kengele ya mapumziko ikalia. Mwalimu Futa alikaa kwenye kigoda chake, akasikiliza, na wimbo ulipoanza mbio kama kawaida, kitu kikamkatika ndani. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vyake vya kazini, akatoka na kuzunguka ukuta mpaka kwenye uzio wa wavu upande wa uwanja.

Watoto wawili wa mwaka huu, asiowajua, walikuja kumtazama kupitia matundu.

"Wewe ni mama wa nani?" mmoja akauliza.

"Mimi ni mwalimu."

"Siyo. Mwalimu yuko ndani."

Hakubisha. Mtoto alikuwa sahihi. Alisimama pale akiwatazama wakirudi kwenye mchanga wao, na akajiona jinsi alivyo: mwanamke asiye na nyusi, nguo zimempwaya, ameng'ang'ania wavu.

Basi ndipo alipomwona Kimbunga. Jina hilo alimpa mwenyewe, maana binti yule hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alimwacha akiwa mdogo kuliko wote. Sasa alikuwa na pengo mbele na miguu mirefu. Kimbunga alisimama, akainamisha kichwa upande, akamwangalia kwa mashaka.

"Kimbunga," akaita Mwalimu Futa, na sauti ile, angalau, ilikuwa haijapungua.

"Mwalimu Futa!"

Mtoto akachomoka. Alipita geti dogo ambalo mlinzi alikuwa ameliegesha, akazunguka uzio akiwa ameifungua mikono yote miwili, puani njia mbili za makamasi ya njano, na katikati ya mbio akakohoa, kikohozi kizito cha kifuani, bila kupunguza mwendo.

Na Mwalimu Futa akarudi nyuma. Hakupanga. Miguu ilirudi yenyewe, mkono ukanyooka mbele, kiganja wazi. "Simama hapo!"

Kimbunga alisimama. Mikono yake ilibaki hewani kidogo. Kisha akaishusha, akaigeuza, akaitazama viganja, akaipangusa kwenye gauni.

"Nimenawa," akasema.

Mwalimu Futa akashusha kiganja. "Najua, mwanangu. Si wewe. Ni mimi ninayeumwa."

Mtoto akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, na ilikuwa wazi hakuelewa. Akajifuta pua kwa mkono wa gauni lake, akarudi uwanjani. Akitembea.

Fundi aliporudi na uzi alimkuta dada yake jikoni, viatu bado miguuni. Alikuwa tayari kufoka. Alipomwona uso, akaweka mfuko chini.

"Nimemkimbia mtoto," akasema Mwalimu Futa. Akasimulia yote, mpaka kwenye kunawa, na hapo akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya kuambiwa saratani wala siku nywele zilipobaki kwenye mto. Mdogo wake alimshika mabega. Ng'ambo ya ukuta mapumziko yalikuwa yamekwisha na kumetulia.

Alipomaliza kulia alijimwagia maji usoni, akachukua simu, akampigia daktari. Maswali ambayo hakuyauliza kule hospitali aliyauliza sasa, moja baada ya jingine, kama mzazi mkorofi siku ya kikao.

"Ni kweli inakupa mafua yenyewe?"

"Hapana, mama. Ya sindano haina kirusi kilicho hai. Mkono utauma, unaweza kupata homa kidogo siku moja au mbili. Iko nyingine ya kupuliziwa puani, hiyo ndiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Hiyo si yako, wakikupa, kataa."

"Nikichanja ndiyo siumwi tena?"

Daktari akasita, na kusita kule kulimpendeza Mwalimu Futa kuliko jibu lolote. "Sikudanganyi. Mwili uliotoka kwenye kemo unaweza usiipokee chanjo kwa nguvu zote. Unaweza ukaumwa. Ila uwezekano wa kuumwa vibaya unapungua, na kwako kupungua huko si kitu kidogo. Na anayeishi na wewe achanje, ili asikuletee."

"Na mtoto mwenye makamasi? Naweza kumkumbatia?"

"Mwenye kuumwa, hapana. Bado. Mzima, ndiyo, taratibu taratibu."

Ilikuwa kidogo kuliko alivyotaka. Alikaa na kile kidogo mkononi, akakipima. Alikuwa ameitunza nadhiri yake kama mali, kumbe ilikuwa inamtunzia upweke. "Sawa," akasema. "Mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto, mama."

Alipokata simu alimgeukia mdogo wake. "Tunakwenda kliniki. Wewe na mimi."

Fundi akashtuka. "Mimi? Mimi mzima! Mimi nakusindikiza."

"Daktari kasema na wewe."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba yule askari wa geti, mwanamke aliyeshika sindano kutwa kucha maisha yake yote, alikuwa anaziogopa kama kifo. "Sindano yangu inaingia kwenye kitambaa, dada," akajitetea. "Kitambaa hakina mishipa. Wala hakina mama!" Mwalimu Futa akacheka mpaka kovu likamvuta. Alikuwa hajacheka hivyo tangu alipougua.

Kliniki ilikuwa ukumbi mwembamba wenye mabenchi ya mbao, na nesi mmoja nyuma ya pazia la kijani. Zamu yao ilipokaribia wakiwa kwenye benchi, harufu ya spiriti ikamfikia Mwalimu Futa puani, na mdomo ukamjaa mate kama siku za dripu. Akasimama.

"Tutakuja siku nyingine," akasema.

Mdogo wake alimtazama. Uso wake mwenyewe ulikuwa umepauka kama majivu, lakini akainuka. "Kaa. Naanza mimi." Akapita pazia, akakunja mkono wa blauzi, akafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti. Nesi alimaliza kabla sala haijafika katikati. Fundi akafumbua macho, akatazama kijitone kimoja cha damu, akasema "Ala!" na kuanza kuporomoka.

Mwalimu Futa, aliyekuwa amemfuata hadi kwenye pazia, alimdaka kwa mkono wa kushoto. Hakukumbuka mate wala spiriti. Alimkalisha kwenye kiti, akamwinamisha kichwa mpaka magotini, akapiga goti mbele yake na kuanza kumpangusa jasho. "Pumua, mdogo wangu. Puliza kama unazima mshumaa. Eeh, hivyo. Mwingine tena. Usifumbe macho, nitazame mimi." Ilikuwa sauti ile ya darasani, ya aliyeanguka kwenye bembea.

Nesi alisubiri kidogo. "Mama, na wewe uko tayari, au nikuache?"

Mwalimu Futa aliingiza vidole kwenye mkono wa gauni lake, akaupandisha begani. "Choma, mwanangu. Nina kazi hapa."

Aliihisi kama mdudu amemng'ata, basi. Alikuwa bado anapuliza mishumaa na mdogo wake.

Kesho yake mkono ulimuuma na mwili ukapata joto kidogo. Fundi alikuwa mlangoni na kipimajoto kila mara, tayari kuita gari, ingawa mkono wake mwenyewe ulikuwa umevimba na aliubeba kama uliovunjika. "Mteja alisema!" akalia. "Alisema!" Lakini joto halikufika pale daktari alipowaambia wapige simu, na siku iliyofuata lilikuwa limekwisha. Mwalimu Futa aliamka na njaa. Aliomba mayai.

Zikapita wiki chache ambazo daktari alisema mwili unahitaji ili ujifunze. Kisha mwalimu mkuu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaja kusimama dirishani kama wageni wengine. Alisema watoto wenye kikohozi sasa wanarudishwa nyumbani, wazazi wamekasirika lakini wamezoea. Na kama mwalimu mwenzake yuko tayari, barazani pana hewa, anaweza kuja mchana kusimulia hadithi. Avae barakoa. Asibebe mtu. Daktari alipoulizwa alisema haya, jaribuni.

Siku ya kwanza walimwekea kiti kikubwa, akakikataa, akakaa kwenye kidogo, magoti kidevuni. Watoto wapya walimkodolea macho. Kimbunga alikuja akasimama mbali, mikono mgongoni.

"Umepona?" akauliza.

"Sijui bado. Kikohozi chako je?"

"Kimeisha zamani."

"Basi njoo."

Alikuja akitembea, hatua ya mwisho tu ndiyo aliyoirukia. Kichwa chake kilimgonga Mwalimu Futa upande ule usio na titi, kwenye kovu, likauma, na hakumwondoa.

Isidhaniwe kwamba yote yalirudi. Darasa lilibaki kwa yule binti, na wimbo ukabaki wa mbio. Watoto walikuwa wameupenda hivyo. Mkono wa kulia haukuweza kumnyanyua mtu. Hadithi mbili zilitosha kumchosha, akarudi nyumbani akijishikilia ukutani, kelele ikiendelea nyuma yake bila yeye. Majira yale alipata mafua mara moja, mepesi, akalala siku mbili na yeye na mdogo wake wakaogopa bure. Mwaka uliofuata Kimbunga alikwenda shule ya msingi, mbali kidogo, na Mwalimu Futa akamwona mara moja tu barabarani, kwenye kundi la sare mpya, akikimbia mbele ya wenzake. Hakumwita.

Na majira yalipogeuka tena alikwenda kuchanjwa mwenyewe, bila kukumbushwa, maana mdogo wake alikuwa amerudi nyumbani kwake mwenyewe. Alipakia cherehani asubuhi moja, akalia, akatoa amri za mwisho, akaondoka. Mwalimu Futa aliyekuwa ameomba afunguliwe mlango alibaki na mlango wazi, na sebule ilikuwa kimya mno. Alijikuta anasikilizia mlio wa cherehani jioni, kama alivyokuwa akisikilizia kengele. Binadamu ndivyo alivyo. Akirudishiwa hiki, moyo unaelekea kwa kile.

Simu ililia akiwa ndiyo kwanza ameingia nyumbani kutoka baraza la shule, vumbi la chaki bado mikononi.

"Dada, umekula?"

"Nimekula."

"Umechanja?"

"Nimechanja."

"Umepiga chafya leo?"

Alikuwa amepiga moja, ya vumbi la chaki, na alijua hivyo kabisa. Akatazama kiti kitupu karibu na dirisha, pale cherehani ilipokuwa ikikaa.

"Moja," akasema.

"Nakuja!"

"Njoo," akajibu Mwalimu Futa, akaenda kuweka maji jikoni.